Hana Kazi, Kenda Pwani

Wenzangu mliobaki ofisini mmeniletea karatasi yenye vichwa vya kujaza: vyeo nilivyopitia, mafunzo niliyohudhuria, mafanikio, ushauri kwa vijana. Nimeisoma, nikaiweka chini ya birika la chai lisije likaunguza kitambaa cha meza. Vyeo vyangu vimo kwenye faili langu, anayevitaka akavisome huko. Mimi nitaandika habari ya siku niliyomwandika mwanamke mmoja wa Micheweni kuwa hana kazi, na nilivyohangaika miaka baadaye kulifuta neno hilo. Nayaandika haya kwa sababu na nyinyi mtayafanya yale yale, na vishikwambi vyenu vitawasaidia kuyafanya upesi zaidi.

Kwa asiyenijua, mimi ni Zuwena, mzaliwa wa Mtambile. Kazi yangu ilikuwa udadisi, maana yake kwenda nyumba kwa nyumba na fomu za watafiti, kuuliza na kuandika majibu. Vijijini waliniita Bi Maswali, na watoto wengine walinikimbia wakidhani nimekuja kuchoma sindano. Watafiti walikuja na kuondoka, kila mmoja na elimu yake, na karibu wote walitaka kujua jambo moja: watu wa Pemba wanafanya kazi gani. Taabu ni kwamba kila elimu ilikuja na maana yake ya kazi, na mimi ndiye niliyetakiwa kuipeleka maana hiyo mpaka mlangoni kwa watu.

Maana ya mwanzo niliipata kabla sijaajiriwa. Mwalimu wetu wa fizikia, kidato cha pili, alituchorea ubaoni mtu mwenye ndoo kichwani. Akasema kazi ni nguvu kuzidisha umbali, na umbali wenyewe lazima uwe ule wa upande nguvu inakoelekea. Ndoo inashikiliwa kwenda juu, mtu anakwenda mbele. Kwa hiyo katika nchi tambarare, aliyebeba ndoo kutoka kisimani mpaka nyumbani hajaifanyia ile ndoo kazi yoyote. Nilirudi nyumbani nimefurahi na elimu yangu mpya, nikamweleza mama. Alikuwa ndiyo kwanza anatua ndoo ya tatu. Akanitazama, akasema, “Kamwambie mwalimu wako kesho aje anitekee maji, madhali si kazi.” Nilimfikishia ujumbe. Mwalimu hakuja.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kwa Mzee Faki, mdadisi wa zamani kuliko wote, mrefu, mkavu, kofia yake ya mkono haikosi doa la wino. Alinipa ubao wa kubania karatasi, penseli mbili, kichongeo, na mfuko wa nailoni wa kufunika fomu mvua ikinyesha. Mwili wangu, alisema, ukirowa utakauka wenyewe. Alinifundisha kukaa mkekani hata ukiletewa kiti, kuuliza habari za wagonjwa kabla ya kufungua fomu, na kutomuuliza mtu jambo ambalo macho yako yameshaliona. Zaidi ya yote alinifundisha pambizo. Kila fomu ina nafasi nyeupe pembeni, na Mzee Faki aliijaza kwa mwandiko mdogo wa chuo cha Kurani: kile mtu alichosema ambacho hakikuingia kwenye kisanduku. “Watu wetu hawajakatwa kwa kipimo cha visanduku,” aliniambia. “Kinachobaki nje kitie pembeni, usikitupe.”

Mtafiti wa kwanza niliyefanya naye kazi alikuwa mchumi, kijana mpole kutoka Bara. Kwake yeye kazi ni kile ulichokifanya kwa malipo au kwa faida katika siku saba zilizopita, hata kama ni saa moja tu. Nilimsomea maana hiyo mama mmoja pale Mtambile, jirani yetu, mikono yake imejaa unga.

“Nikiwapikia wanangu?” akauliza.

“Hiyo haimo.”

“Nikiwapikia wana wa jirani, akanilipa?”

“Hiyo imo.”

Akageuka akapiga kelele juu ya ua: “We Bi Raya! Njoo tubadilishane watoto, tuandikwe!” Mchumi alicheka mpaka akatoa miwani. Lakini kisanduku chake hakukigusa, na yule mama nilimwandika kama nilivyoelekezwa.

Baadaye akaja mtaalamu wa mwili, aliyewafunga watu mkanda kifuani wenye kuhesabu mapigo ya moyo. Kwake yeye kazi ni joto ambalo mwili unalitoa, hata aliyelala usingizi anafanya kidogo. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa kitako ametulia, mara mapigo yakapanda kama ya mtu anayekimbia. Mtaalamu akaugonga mkanda akidhani umeharibika. Mimi nilimwona mama mkwe akiingia mlangoni. Mtaalamu hakuniuliza, nami sikumwambia, lakini naamini hicho ndicho kipimo sahihi kuliko vyote alivyoondoka navyo.

Kojani nilikwenda na mama mmoja wa Kizungu aliyesoma mila na desturi za watu. Huko hufiki ila kwa chombo, na mimi bahari hainipendi, kwa hiyo nilishuka nimekwisha kutapika kifungua kinywa chote. Yeye alikaa pale miezi. Kwake yeye kila kitu kilikuwa kazi: kusuka ukili wa mikeka, kupokea mgeni, kulia msibani, kumsimanga mwali mpaka ajue kupika. Wanawake wakamuuliza, “Hata kusengenya?” Akajibu kwa Kiswahili chake cha kitabuni kwamba hata hilo, maana linaifunga jamii pamoja. Bibi mmoja akauweka ukili wake mapajani akasema, “Basi mie nishastahiki pensheni.” Nilimpenda yule Mzungu. Kitabu chake hatukukiona kamwe, na sheria zinazopimia watu ardhi na pwani hazisomi vitabu vya namna hiyo.

Mwanasheria yeye alitafuta mkataba. Nani amekuajiri, nani anakupangia saa ya kuanza na saa ya kuacha? Asiyekuwa na mtu wa kumwamuru hakuwa mfanyakazi. Nilimuuliza swali hilo mlimaji wa mwani kule kaskazini: “Nani anayekwambia uanze, nani anayekwambia uache?” Akanijibu bila kufikiri, “Maji.” Niliiandika “maji” kwenye nafasi ya jina la mwajiri. Mwanasheria aliirudisha fomu na kuniambia nisifanye mzaha. Mimi sikuwa nafanya mzaha, na mpaka leo sijaona mwajiri mkali kuliko huyo.

Nilifanya kazi pia na ustadhi mmoja, msomi wa fikihi, aliyekuwa akitafiti haki za ndoa. Alinieleza kwamba kulisha nyumba ni wajibu wa mume, na alichochuma mke kwa mikono yake ni mali yake mwenyewe. Kwa hiyo, akasema, mume wa kwetu ukimuuliza habari za kazi ya mkewe, yeye husikia unamuuliza kama anaitimiza faradhi yake au hapana. Nilimsikiliza ustadhi kwa adabu kubwa. Laiti ningelimsikiliza na kwa akili, nisingelifanya nililolifanya Micheweni.

Ulikuwa utafiti wa kaya, mkubwa, na Mzee Faki alikwisha kufariki, Mungu amrehemu. Msimamizi alikuwa mgeni, na ratiba aliipanga mezani: kila nyumba itembelewe asubuhi, kuanzia saa tatu mpaka saa sita, wiki ya katikati ya mwezi. Katikati ya mwezi wake ilikuwa pia katikati ya mwezi wetu, mwezi mpevu, bamvua kubwa, maji yanakupwa asubuhi hiyo hiyo mpaka unauona mchanga wa mbali. Yeyote mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani angelijua kwamba saa hizo Micheweni hamna mwanamke nyumbani ila mgonjwa na aliyejifungua juzi. Mimi kalenda hiyo ninayo. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu siku mbili nyuma msimamizi alinirudishia fomu zangu mbele ya wenzangu, akasema pambizo zangu ni uchafu na mashine haisomi maneno ya pembeni. Nilikasirika, na nilipokasirika nikaamua kumwonyesha kwamba fomu safi na mimi naziweza.

Nyumba ya Hamad ilikuwa ya mawe, karibu na njia ya pwani. Yeye alikuwa barazani anasuka dema, ule mtego wa samaki wa fito. Nilimsalimu, tukajuliana hali, nikafungua fomu. Nilimuuliza kazi yake, akasema mvuvi. Dema lilikuwa mkononi mwake, nikaandika mvuvi.

“Na mkeo, kazi yake?”

“Ah, hana kazi,” akasema, macho kwenye fito zake. “Kenda pwani tu.”

Kisanduku kilikuwa kimoja, chenye nafasi ya tarakimu mbili. Nikaandika tarakimu za asiye na kazi. Yale maneno mengine, kenda pwani tu, nikayaacha yapotee barazani pale, na pambizo yangu ikabaki nyeupe kama alivyotaka msimamizi. Nilifanya hivyo nyumba baada ya nyumba, ila zile chache ambazo mume hakuwepo na mke alichelewa kutoka, akajijibia mwenyewe. Jioni msimamizi akanisifu kwa usafi wa fomu zangu. Naona haya kuandika kwamba nilifurahi.

Miaka ikapita. Ukaja mradi wa kujenga gati kule kule, gati la boti za uvuvi, na kipande cha pwani kitakachochukuliwa kilikuwa na mashamba ya mwani ya wanawake. Mradi ukatangaza kwamba kila mwenye kazi pale pwani atapewa mahali pengine: wavuvi nafasi za kufunga vyombo gatini, na walimaji wa mwani vipande vipya kwenye hori la pili, ghuba ndogo ya jirani, ambako mchanga ni mzuri lakini ni mdogo. Orodha ya wenye kazi wakaitoa kwenye utafiti wetu wa kaya. Mchanga ukishagawiwa hautabaki wa mtu mwingine kuomba.

Bi Mize alikuja ofisini kwetu na gari ya asubuhi. Mwanamke mwembamba, buibui lake limepauka kwa chumvi, vidole vimejaa makovu madogo madogo ya kamba. Hakutaka kukaa.

“Ndo weye Bi Maswali?”

“Ndiye mimi. Karibu, bibi.”

“Mie Mize, nke wa Hamad, wa Micheweni. Weye ulikuja kwangu ukaandika. Saa hino naambiwa simo. Nkauliza simo vipi, nami pale pwani nna vigingi vyangu vya mwani tangu mwanangu wa mwisho yuko mgongoni? Wakanambia kaulize walokuandika.”

Nikaenda stoo, nikalitafuta boksi, nikaitoa fomu. Mwandiko wangu mwenyewe, safi, umenyooka. Hamad, mvuvi. Mize, hana kazi. Ningeliweza kumwambia kwamba mumewe ndiye aliyesema, na kwa kweli maneno hayo yalinifika mdomoni, lakini nilimwona anavyoitazama karatasi asiyoweza kuisoma, anasubiri mimi nimsomee. Nikamsomea kama ilivyo.

Akauliza, “Na Hamad yumo?”

“Yumo. Kapewa nafasi gatini.”

“Hamad?” akasema. “Hamad kanguka mkarafuu, mgongo ukavunjika, nusura afe. Tangu hapo hajatia mguu chomboni. Madema anasuka apate kushughulika tu, yamejaa uani mpaka kuku hawana pa kupita.” Akajifunga buibui lake sawasawa. “Mie hori la pili nkilikosa, Bi Maswali, kwangu hakuliki.”

Nilimpelekea maneno hayo mratibu wa mradi siku hiyo hiyo. Alikuwa mtu muungwana, sitamsingizia ubaya. Alinisikiliza, akaniambia takwimu zimeshafungwa. Nikamwambia zifunguliwe. Akasema akifungua jina moja watakuja wote. Nikamwambia waje, wote walikuwa pwani siku niliyopita, hakuna aliyewauliza. Hapo akakunja uso. Akasema kazi yangu ilikuwa kukusanya majibu, na mambo ya orodha yana watu wake. Halafu, nadhani ili aniondoe mlangoni, akanisomea kanuni: jibu la fomu linaweza kurekebishwa mkutanoni, mbele ya Sheha, kiongozi wa shehia, na mtu yule yule aliyelitoa. Kwa maneno mengine, Hamad asimame mbele ya wanaume wa Micheweni, aseme.

Nilikwenda kwa Hamad. Nilimkuta barazani pale pale, na kweli uani madema yalikuwa yamepandana. Nilimweleza. Alisuka fito mbili tatu kabla hajasema kitu.

“Bi Zuwena, wajua unaloniomba? Nsimame mbele ya wanaume wenzangu nseme nalishwa na nke?”

“Nakuomba useme kilichopo.”

“Na gati je? Nkisema si mvuvi, nafasi yangu watanipa?”

“Hawatakupa.”

“Basi weye waniomba nivuliwe nguo mara mbili.”

Nikamwambia kweli, ndivyo ninavyomuomba. Nikamwambia pia kwamba mimi ndiye nitakayesimama mwanzo, kwa sababu yeye alinambia mkewe kenda pwani na mimi sikuliandika. Aliposema hana kazi alikuwa analinda heshima yake, na mimi nilipoandika nilikuwa nalinda usafi wa karatasi. Niliondoka sijui atakuja au hatakuja, na usiku kucha nilijilaumu kwa kumtaka mtu mwingine alipie kosa langu.

Mkutano ulifanyika darasani, skuli, wanaume mbele kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni, wanawake wachache nyuma. Mratibu alisoma orodha. Alipomaliza nikanyoosha mkono. Nilisema mimi ndiye niliyeandika fomu za upande huu, na orodha si sahihi, na mkono uliokosea ni huu.

Mratibu akasema kwa upole kwamba tusiingize hisia. Kazi ina maana yake ya kitaalamu, na orodha imefuata maana hiyo.

“Maana ipi, Bwana Mratibu?” nikamuuliza. “Mimi nimezipeleka zote milangoni. Ukitaka ya mchumi, Bi Mize anauza mwani kila ukikauka. Ukitaka ya mtaalamu wa mwili, mfunge mkanda umfuate asubuhi moja tu, kama wewe hutakata pumzi kabla yake. Ukitaka ya mwanasheria, mwajiri wake anamwita kila bamvua na hajapata kumpa likizo. Ukitaka ya ustadhi, alichokichuma ni mali yake na hakuna wa kumnyang'anya. Katika elimu zote nilizozitumikia, mwanamke huyu angefeli moja tu, fizikia, kwa sababu Micheweni ni tambarare na magunia ya mwani anayabeba kichwani.”

Watu wakacheka, hata Sheha. Mratibu hakucheka. Akasema kanuni ni kanuni, aliyejibu ndiye wa kurekebisha, na kama hayupo tuendelee na ajenda.

Hapo Hamad akasimama. Alikuwa amekaa dawati la mwisho la wanaume, karibu na ukuta, sikumwona alipoingia. Ilimchukua muda kunyooka, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika dawati.

“Mie si mvuvi,” akasema. “Tangu nianguke mkarafuu sijafika baharini, na nyote mwajua, mwanisitiri tu. Anolisha nyumba yangu ni Mize. Nlisema hana kazi kwa kuwa nliona haya. Nifuteni mie, mumwandike yeye.”

Kijana mmoja mbele akacheka puani. Kabla Hamad hajageuka, sauti ya mwanamke ikatoka nyuma: “Cheka! Na weye mkeo yuko wapi saa hino? Na hicho ulokula asubuhi kakipata nani?” Kijana akainama. Na baada ya hapo mkutano ulitoka mikononi mwa mratibu. Mzee mmoja alisimama akasema na wake aandikwe. Kisha wa pili. Wengine hawakusimama, na wake zao wakasimama kwa niaba yao. Mratibu alisema leo ni jina moja tu lililoombwa. Wanawake waliokuwa nyuma wakasogea mpaka mlangoni, wakakaa chini, wakasema hatoki mtu mpaka aliyekuwa pwani siku ile aulizwe. Sheha, ambaye mkewe naye ana vigingi pwani, akamwambia mratibu kwa adabu kwamba njia ya kutoka ndiyo hiyo hiyo moja.

Mimi sikuwa na fomu. Mwalimu wa skuli akanipa daftari la hesabu, nikaanza kuandika. Safari hii niliuliza kila mtu mwenyewe, na niliandika mpaka pembeni, juu, chini, kila mahali palipokuwa peupe. Daftari lile liligongwa muhuri wa Sheha pale pale, na mratibu akatia saini yake, mchovu, kalamu ikikwaruza.

Vipande vya hori la pili viligawiwa upya. Vikawa vyembamba kuliko vilivyopangwa mwanzo, na wapo waliokuwa kwenye orodha ya zamani ambao mpaka leo hawanisalimii. Wana haki ya kukasirika. Bi Mize alipata chake. Hamad nafasi yake gatini ilifutwa kama alivyotaka, na siku hizi madema yake anayanunua mvuvi mmoja wa Wete, ingawa bado yanazidi kuku.

Wiki iliyofuata nilipewa barua ya onyo. Ilisema nimevuka mipaka ya kazi yangu, nimeharibu takwimu, na niombe radhi kwa maandishi ndani ya siku saba. Nilijibu mstari mmoja: barua nimeipokea. Siku saba zikapita, na nyingine saba, na miaka yote iliyobaki. Walisema hawatanipa kazi nyingine, na masika yalipoingia wakaja wenyewe kuniita, kwa kuwa hakuna aliyetaka kwenda Kojani kwenye mawimbi. Nilikwenda, nikatapika, nikaandika pambizoni. Onyo lile limo kwenye faili langu pamoja na vyeo mlivyovitaka. Mkivinakili vyeo, nakilini na hilo, maana ndilo pekee nililolipata kwa jasho langu.

Msinisome vibaya. Sisemi elimu za watu ni upuuzi. Kila moja ilinionyesha kitu ambacho nyingine haikukiona, na mchumi yule hadi leo hunitumia salamu za Idi. Nasema kwamba maana ya kazi ikishuka kutoka chuo kikuu mpaka ikafika barazani kwa mtu, wewe mdadisi ndiye wa mwisho kuishika, na hapo ndipo itakapomkuta au itakapompita mtu mwenyewe. Msimamizi hayupo. Mashine haipo. Uko wewe na aliye mbele yako, na yule aliyekwenda pwani. Ratiba ikikupeleka wakati wa bamvua, ikatae. Kishikwambi kikikosa pambizo, beba daftari. Wakikwambia hiyo si kazi yako, waulize kwa maana ya elimu gani.

Radhi niliiomba mara moja tu, na sikuiomba kwa maandishi. Bamvua la kwanza baada ya mgao nilikwenda hori la pili asubuhi, nikapandisha nguo, nikaingia majini mpaka magotini, viatu vyangu vya raba vikavuta maji. Bi Mize alikuwa ameinama kwenye kigingi, vile vikamba vidogo vya kufungia mwani, wanavyoviita taitai, amevibana kwa meno. Nikamwambia, “Bi Mize, nisamehe. Nilikuandika huna kazi, na nilijua uko wapi.” Alinisikiliza mpaka mwisho, hawezi kusema kwa taitai mdomoni. Kisha akavitoa, akanitupia ncha ya kamba.

“Shika huko, ukaze,” akasema. “Maji yarudi.”

Nikakaza.